Duka la vitambaa la Majengo, Dodoma: mzee anayelowesha uzi kabla ya kukuuzia

Nashona Nkuhungu. Kazi zangu kubwa ni mashuka, madera na sare za shule, na tangu wizara zihamie Mtumba, mji wa serikali, nimepata pia wateja wa suti za lineni. Vitambaa nanunua hapahapa Dodoma mwaka mzima, na duka ninalolizungumzia nalijua kwa pesa yangu. Mwenyewe ameniomba nisiweke jina lake wala la duka mtandaoni, nami nimekubali. Ukifika Soko la Majengo waulize mafundi waliopanga vyerehani barazani, waambie unamtafuta mzee anayelowesha uzi. Watakuonyesha.

Bei zake si za chini. Poplini ya pamba ambayo majirani zake wanaiuza 5,000 kwa mita, kwake ni 6,000, na hapunguzi hata umsemeshe vipi. Naendelea kwenda kwa sababu pale naambiwa kitambaa kimetengenezwa kwa nyuzinyuzi gani, naonyeshwa ushahidi, halafu naambiwa kitafanya nini kikikutana na maji, jua na pasi. Kwa fundi hilo ndilo jambo lenyewe. Mteja ambaye gauni lake limepanda juu ya magoti baada ya kufuliwa hamfuati muuza kitambaa. Ananifuata mimi.

Kila jora dukani lina karatasi ya njano iliyobanwa kwa pini, mwandiko wa mkono, wino wa buluu. Moja inasomeka: "Pamba tupu. Inarudi 4 kwa 100. Pasi nukta tatu." Kurudi ni kunywea kitambaa kikifuliwa, na nukta ni zile za kipimo cha joto kwenye pasi. Nyingine: "Reyoni. Usikamue. Pasi nukta mbili." Kwenye kitambaa cha sare: "Polista 65, pamba 35. Hairudi. Joto." Hilo "joto" la mwisho anawaandikia wazazi, kwa sababu mtoto ndiye atakayekaa nalo darasani mchana kutwa, na mzazi ana haki ya kujua kabla hajatoa hela. Mfanyabiashara anayeandika kasoro ya bidhaa yake mwenyewe juu ya bidhaa hiyo, mimi sijamwona kwingine.

Zamani mzee huyu alifanya kazi Urafiki, Dar es Salaam, kile kiwanda cha nguo kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Hakuwa kwenye mitambo, alikuwa chumba cha majaribio. Anasimulia kwamba humo hewa ilidhibitiwa, unyevu asilimia 65 na nyuzijoto 27, ambavyo ndivyo vipimo vya maabara za nchi za joto, na kitambaa kililazwa humo kwa saa nyingi kabla hakijawekwa kwenye mizani. Pamba hunywa unyevu wa hewa na uzito wake hubadilika, kwa hiyo ukiipima bila kuituliza kwanza unapima na maji. Amestaafu, ila ile tabia ya kutoamini kitu mpaka akijaribu bado anayo.

Siku moja nilimkuta na mama aliyekuja na binti yake, anatafuta kitambaa cha dera. Alishika jora la maua ya kijani, akalifinya, akajipitishia shavuni.

"Mzee wangu, hii ni pamba?"

"Hapana, mama. Hiyo ni reyoni."

"Mbona duka la kule nimeambiwa hiihii ni pamba?"

"Basi ngoja tuiulize yenyewe."

Akachomoa uzi mmoja kwenye ukingo uliokatwa, urefu kama shibiri. Akachovya kidole kwenye kikombe cha maji kilichokuwa juu ya kaunta, akalowesha katikati tu, sehemu isiyozidi upana wa kucha, ncha mbili zikabaki kavu. Akampa binti auvute polepole. Uzi ukakatika palepale penye maji, kwa ulaini kabisa, na pale ulipokatikia ukawa umefumuka vinyweleo. Akachomoa uzi wa pili kutoka kwenye jora la pamba nyeupe, akaulowesha vilevile. Binti akavuta, haukukatika. Akazungusha ncha vidoleni akavuta kwa nguvu, na ulipokatika ulikatikia pakavu, karibu na kidole gumba. Sehemu yenye maji ilikuwa nzima.

Mama alinunua reyoni ileile, mita nne, safari hii akijua ni reyoni.

Jaribio hilo nimelifanya mwenyewe nyumbani kwa vitambaa vingi, na mtoto wa dada yangu anayesoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) amenieleza kwa nini linafanya kazi. Kikemia pamba na reyoni ni kitu kimoja. Zote ni selulosi, ambayo Mfaransa Anselme Payen aliitambua na kuipa jina mwaka 1838 alipokuwa akichunguza mbao na mimea. Selulosi ni glukosi zilizoshikana moja baada ya nyingine kuwa mnyororo. Kinachotofautisha pamba na reyoni ni urefu wa huo mnyororo na jinsi minyororo ilivyojipanga. Katika pamba mnyororo mmoja unaweza kufikia glukosi kama 10,000. Katika reyoni ya kawaida ni kama 300. Tena katika pamba sehemu kubwa ya minyororo imelala sambamba na kubanana, maji hayapati pa kupita. Yanaingia tu kwenye sehemu zilizolegea. Reyoni imejaa sehemu zilizolegea. Maji yakiingia humo yanaachanisha vile vishikizo vya haidrojeni vinavyoifunga minyororo pamoja, na minyororo mifupi inateleza upesi. Reyoni iliyolowa inapoteza karibu nusu ya nguvu yake. Pamba iliyolowa inaongeza nguvu, asilimia 10 hadi 20 hivi, maana maji yanalegeza mikazo ya ndani na mzigo unagawanyika kwenye minyororo mingi zaidi kwa pamoja.

Kila mwenye beseni la kufulia Dodoma anatakiwa kulijua hilo. Sisi tunafua kwa mkono, tunasugua kola kwa vifundo vya vidole, tunakamua watu wawili kila mmoja na upande wake. Pamba inavumilia. Gauni la reyoni linapokamuliwa hivyo, linakamuliwa wakati ambao ni dhaifu kuliko wakati wowote mwingine, kisha likichanika kwapani mtu anasema fundi ameshona vibaya.

Reyoni si kitambaa kibaya, na nashukuru kwamba mzee haiuzi kwa kuibeza. Inamwagika mwilini vizuri kuliko pamba, inakamata rangi mpaka ndani, na inabeba unyevu mwingi, kwa hiyo haikuchemshi. Kwa dera la nyumbani au la sherehe naichagua yenyewe. Anachofanya ni kukwambia namna ya kuishi nayo: loweka muda mfupi, bonyeza bila kusugua, viringisha kwenye taulo badala ya kukamua, anika kivulini ikiwa imetandazwa. Kwa upande wangu natumia sindano namba 11, naacha upindo mpana zaidi kwenye mabega na kwapa, na sikati kitambaa kabla hakijalowekwa na kukauka.

Nilimwuliza reyoni inatengenezwaje, akanieleza huku akikata kitambaa cha mteja mwingine. Mwaka 1892 Waingereza watatu, Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle, walipata hati ya uvumbuzi wa njia inayotumika mpaka leo. Unachukua massa ya mbao, unaloweka kwenye kostiki, hii hii wanayotumia akina mama wa sabuni, kisha unaongeza kaboni disulfaidi. Mbao zinayeyuka na kuwa rojo zito la rangi ya chungwa. Rojo linasukumwa kupitia vitundu vidogo mno hadi kwenye birika la asidi ya sulfuriki, ile ya betri ya gari, na selulosi inaganda upya ikiwa nyuzinyuzi. Njiani humo minyororo imekatwakatwa, ndiyo maana inatoka mifupi. Na kaboni disulfaidi ni sumu inayoharibu mishipa ya fahamu ya wafanyakazi wa viwanda visivyojali usalama wao. Hili la mwisho alilisema akiwa ameweka mkasi chini, na mimi nalirudia hapa kwa sababu ni watu wa kazi kama sisi.

Dukani kuna jora moja la layoseli, buluu ya bahari, 18,000 kwa mita. Nayo ni selulosi ya mbao, lakini haipiti kwenye kaboni disulfaidi. Mbao zinayeyushwa moja kwa moja katika kiyeyushi kimoja ambacho kiwanda kinakirudisha na kukitumia tena, zaidi ya asilimia 99. Nyuzinyuzi zinazotoka zimenyooka na kupangika vizuri zaidi, na zikilowa zinapoteza nguvu kidogo tu. Wale wa mitumba wanaijua kwa lebo ya Tencel, jina la biashara la kampuni ya Lenzing ya Austria. Nimeshona shati la mume wangu kwa layoseli hii na bado ni imara. Kasoro yake ni kwamba ikisuguliwa ikiwa imelowa inatoa vinyweleo vyeupevyeupe juu, na shati la buluu linaonekana limechakaa kabla ya wakati. Geuza ndani nje ndipo ufue.

Kwa polista mzee ana kiberiti. Anakata kipande kidogo, anatoka nje, anakishika kwa koleo juu ya beseni la maji. Pamba na reyoni zinawaka haraka, zinanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Polista inajikunja ikikimbia moto, inatoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu kisichopondeka vidoleni. Mchanganyiko unafanya yote mawili. Moto hauwezi kukutofautishia pamba na reyoni kwa uhakika, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika: wanachoma, wananusa karatasi, wanasema "pamba hiyo". Moto unakwambia kama ni selulosi. Maji ndiyo yanayokwambia ni selulosi ipi.

Hewa ya hapa kwetu inaongeza uzito wa jambo hili. Dodoma inapata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine ni upepo na ukavu. Kwenye ile hewa ya maabara ya unyevu asilimia 65, pamba inabeba maji kama asilimia 7 au 8 ya uzito wake, reyoni 12 au 13. Polista ni 0.4. Mwezi Agosti ukivua blauzi ya polista gizani unaona cheche na kusikia mlio, kwa sababu hakuna unyevu wa kuondoa umeme uliojikusanya kwenye kitambaa. Mchana jasho linakaa mgongoni halina pa kwenda. Wateja wangu wa Mtumba wanaoshinda kwenye ofisi zenye viyoyozi wanaweza kuvumilia. Mwanafunzi anayetembea kutoka Ntyuka kwenda shule juani, sidhani.

Nikisema Mtumba nafika kwenye lineni, ambako utapeli ni mkubwa na pesa ni nyingi. Suti ya lineni imekuwa vazi la ofisini, kila mtu anaitaka, na kinachouzwa mjini kwa jina hilo kwa sehemu kubwa ni polista iliyofumwa kwa nyuzi nene na nyembamba ili ifanane. Mzee anauza zote mbili, amezitenganisha kwenye rafu mbili tofauti. Ya polista 9,000, karatasi yake inasema "Mfano wa lineni". Ya kitani halisi, yaani lineni yenyewe, 30,000. Ukiziweka mikono miwili utasikia: ya kitani ni baridi, ni nzito, na ukiifinya kwenye ngumi kisha ukaiachia inabaki na makunyanzi makali. Nyuzinyuzi za kitani zinatoka kwenye shina la mmea, zimenyooka mno, na hazivutiki zaidi ya asilimia 2 au 3 kabla ya kukatika. Kitu kisichovutika hakirudi kilikotoka. Kwa hiyo makunyanzi ya lineni hayaepukiki, na anayekuuzia lineni akakuahidi haikunjamani, anakuuzia kitu kingine au lineni iliyopakwa dawa. Nimewaambia hivyo wateja usoni. Wengine wamechagua polista wakijua, hilo halina ubaya.

Aliniongezea jambo ambalo kwa uzoefu wangu wa suti naliona ni kweli: usipige pasi mstari wa suruali ya lineni palepale kila siku. Kitani ina nguvu sana ikivutwa, tena ikilowa inaongezeka, lakini ikikunjwa mahali pamoja mara nyingi inavunjika. Suruali inachanika kwenye mstari wa pasi ikiwa bado mpya kwingine kote.

Kuhusu mashuka ya mianzi nitasema kwa ukali kidogo. Yanapitishwa mjini na kwenye simu kwa bei ya juu, na maelezo kwamba ni ya asili, yanaua bakteria, yanafaa kwa watoto wachanga. Mzee hana hata moja, na nilipomwuliza alijibu, "Fundi, mwanzi ukishapita kwenye kostiki na asidi, kinachobaki ni reyoni." Ndivyo ilivyo. Mashuka mengi ya namna hiyo yanatengenezwa kwa njia ileile ya rojo, tofauti ni kwamba massa yametoka kwenye mwanzi badala ya mti mwingine. Marekani tume ya serikali inayosimamia biashara ililifuatilia jambo hili tangu 2009, na mwaka 2022 kampuni za Kohl's na Walmart zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 kwa kuuza reyoni kwa jina la mianzi. Hapa kwetu mama anatoa akiba yake ya vikoba kununua shuka la mtoto akiamini linaua vijidudu. Hili linaniuma. Shuka la reyoni ni laini kweli, linapoza, mtu analipenda. Liuzwe kwa jina lake na bei yake.

Mashuka yake ya pamba ndiyo ninayonunua kwa wingi. Hauzi kwa zile namba za nyuzi 1,000. Anasema, na ukihesabu chini ya kioo chake cha kukuzia unaona mwenyewe, kwamba namba hizo zinapatikana kwa kuhesabu kila uzi mdogo uliosokotwa ndani ya uzi mmoja. Shuka zuri la kufuma wazi, yaani uzi mmoja juu mmoja chini, lina nyuzi 200 hadi 300 kwa inchi ya mraba, na linapitisha hewa. Muhimu zaidi ni urefu wa nyuzinyuzi zenyewe. Unyuzi wa pamba ni unywele wa mbegu, seli moja tu iliyorefuka. Tumba likipasuka na kukauka ule mrija unanywea na kujisokota, na huko kujisokota ndiko kunakofanya nyuzinyuzi zishikane zinaposokotwa kuwa uzi. Zikiwa fupi, ncha nyingi zinatokeza nje ya uzi, na baada ya kufuliwa shuka linajaa vidonge vidonge. Zikiwa ndefu linabaki nyororo. Pamba yetu ya Kanda ya Ziwa, na hii ya jirani zetu wa Singida, ni ya urefu wa kati, inatosha kabisa kwa shuka imara. Mbegu kama UKM08 zimetoka kituo chetu cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza. Kinachonisikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya pamba hiyo inatoka nchini ikiwa marobota, haijasokotwa, halafu tunaletewa kitambaa. Mzee akipata jora lililofumwa nchini analiweka mbele kabisa na kuliandika hivyo kwenye karatasi. Ninapoliona nalichukua hilo kwanza.

Ana poplini moja inayong'aa, wengi wanadhani ina polista. Ni pamba iliyopitishwa kwenye kostiki kali huku imevutwa. John Mercer wa Uingereza ndiye aliyegundua mwaka 1844 kwamba kostiki inavimbisha pamba na kuiongezea nguvu na uwezo wa kukamata rangi. Mng'ao ulikuja baadaye, mwaka 1890, Horace Lowe alipoizuia isirudi wakati imelowa. Kwa mashati ya harusi hakuna inayoizidi pale dukani.

Vitenge na khanga hana vingi, na sivyo vinavyonipeleka. Ila akikuonyesha kitenge atakisugua kwanza kati ya viganja, juu ya kitambaa cheusi. Unga mweupe ukidondoka, ni wanga uliotiwa kukipa uzito. Kikifuliwa mara ya kwanza kinabaki chepesi, unaona mwanga upande wa pili.

Huduma ninayoithamini kuliko zote ni kipande cha kujaribia. Ukinunua kuanzia mita kumi, anakukatia bure kipande cha sentimita 50 kwa 50 siku moja kabla, amechora mistari kwa kalamu isiyofutika. Unakwenda kukifua nyumbani kwa namna yako na maji yako. Kwa sisi tunaotumia maji ya visima hili lina maana kubwa, maana chumvi yake inakamata sabuni na kukikakamaza kitambaa. Kikikauka unapima. Kipande changu cha mwisho cha poplini kilirudi kutoka 50 hadi 48 upande wa urefu, upana haukuguswa. Mashine ya kufuma inavuta nyuzi za urefu kwa nguvu, kitambaa kinaondoka kiwandani kikiwa bado na mvuto huo, na nyuzinyuzi zikinywa maji zinavimba, uzi unalazimika kujipinda zaidi kumzunguka mwenzake, urefu unapungua. Viwanda vizuri vinakirudisha kitambaa kwa mashine kabla ya kukiuza, kwa njia ya Mmarekani Sanford Cluett, na hicho ndicho karatasi ya njano inachokiita "Imesharudishwa". Kwa sare za darasa zima, zile sentimita 2 ndizo zinazoamua kama suruali za watoto zitafika viatuni muhula wa pili.

Sasa yale yasiyonifurahisha. Duka ni la giza. Taa ni moja na rangi mbili za buluu zinazokaribiana huwezi kuzitenganisha mpaka utoke nje na jora begani. Majora ya mlangoni yanapigwa jua la asubuhi, na jua linaidhoofisha selulosi na kuigeuza rangi, pamba nyeupe inakuwa ya njano kwenye mkunjo. Mtu mwenye ujuzi kama wake anajua hilo kuliko mimi, na nimemwambia. Anakubali kukata kutoka ndani ya jora bila ugomvi, ila mteja mgeni hajui kuomba. Vumbi pia, upepo ukianza. Hana lipa namba, anataka pesa taslimu, na hilo kwa mwaka huu linasumbua. Hakati chini ya mita mbili. Anafungua saa nne, na siku anazokwenda Kariakoo kufuata mzigo anafunga kabisa, ingawa tangu treni ya mwendokasi ianze anakwenda asubuhi na kurudi usiku, si kama zamani alipokuwa anapotea siku tatu.

Halafu ana maneno mengi. Ukienda una haraka ya kununua zipu, utakaa. Kwangu siyo kero, lakini nimeona wateja wakiondoka katikati ya maelezo, na vijana wake wawili wa dukani bado hawajui kufanya jaribio la uzi bila yeye. Asipokuwepo, karatasi za njano ndizo zinazouza. Ningependa awafundishe.

Nawashauri hivi wanaokwenda kwa mara ya kwanza. Msalimie vizuri, mweleze nguo ni ya nani, itafuliwa na nani na mara ngapi kwa wiki. Hayo ndiyo atakayokuuliza kabla ya rangi. Omba kitambaa kikatwe kutoka ndani ya jora. Kama ni cha sare au mashuka mengi, nenda siku moja kabla uchukue kipande cha kujaribia. Layoseli ya buluu nilivyoiacha juzi ilikuwa imebaki ya mashati mawili au matatu. Kitani ya rangi ya mchanga ipo ya kutosha, na poplini nyeupe iliyosharudishwa iko rafu ya juu kushoto, mwambie kijana apande ngazi.